Dawa ya Mama Kwenye Kalenda ya Duka

Mama yangu anaona kwa jicho moja tu, na kwa miezi mingi jicho hilo lilitegemea simu yangu. Sitii chumvi. Lile la kushoto lilizimika polepole, bila maumivu, na tulipomfikisha kwa daktari wa macho aliyekuja wilayani kwa ziara ya siku chache, akatuambia kuwa ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, alisema, na kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone. Dawa ikikatikakatika, la kulia nalo litafuata. Alipomaliza alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, na mimi ndiye niliyeitikia.

Chupa zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya siku za kawaida, ya pili ilikuwa ya siku alizozipanga daktari mwenyewe, mara siku kadhaa mfululizo, mara inapumzishwa wiki. Siku ya ile ya pili, ya kwanza haitiwi. Mama hasomi, na hata angekuwa anasoma, maandishi ya chupa zile yameandikwa kwa ajili ya sisimizi. Nikamfungia uzi kwenye shingo ya chupa ya pili ili aitambue kwa vidole. Kuzitofautisha hakukuwa tatizo tena. Tatizo likabaki moja: leo ni siku ya ipi?

Mama anaishi Lionja, mimi nafundisha jiografia katika sekondari moja Ruangwa. Kaka zangu wako Dar es Salaam, na kila jambo la mama likitokea wana sentensi yao moja, "Wewe uko karibu." Karibu yenyewe ni gari mpaka Nachingwea mjini, halafu bodaboda, na masika yakikolea hata mwenye bodaboda anaangalia mawingu kwanza kabla hajakujibu. Lakini neno likishasemwa na kaka wawili limekuwa sheria. Mimi niko karibu, kwa hiyo mimi ndiye kumbukumbu ya mama.

Tukapatana kwamba kila siku alfajiri, kabla sijaondoka kwenda shule, nitampigia na kumwambia, "Leo ya uzi," au "Leo bila uzi." Atatia, nami nitakwenda zangu. Nikampa na amri moja kwa sauti ile ninayoitumia kidato cha pili: nisipopiga, usibahatishe. Mama ni mtu wa kushika neno, na hilo nilikuwa nalijua vizuri sana.

Ratiba yote nikaiingiza kwenye kalenda ya simu, siku baada ya siku, na ndani ya kila kikumbusho nikaweka namba ya mama ili nikibonyeza tu ipige. Nilijiona mjanja. Niliwaonyesha walimu wenzangu pale ofisini, nao wakasema kweli, hii ndiyo faida ya simu janja.

Wiki za mwanzo ilinilia vizuri. Kisha siku moja nikiwa katikati ya kipindi cha pili, nimeshika chaki, nachora mstari wa tropiki, nikaikumbuka alfajiri ile. Simu haikulia. Nilitoka darasani bila kuaga. Mama alipokea kabla hata mlio wa kwanza haujaisha.

"Nipo, mwanangu."

"Umetia?"

"Sijatia. Nimekaa nazo hapa."

Alikuwa amekaa mlangoni tangu alfajiri, chupa zote mbili mapajani. Shambani hakwenda, chai hakunywa. Nilimuuliza kwa nini hakunibipu. Akasema alijua niko kazini, hakutaka kunisumbua. Nilimwambia leo bila uzi, nikakata, nikaenda nyuma ya matangi ya maji nikalia kwa hasira. Hasira ilikuwa ya kila mtu: ya simu, ya kaka zangu, na ya mama pia kwa ule utii wake.

Shuleni kwetu kuna mwalimu wa kompyuta, mtu mpole ambaye kila mwenye simu mbovu anamfanya fundi wake wa bure. Swali lake la kwanza lilikuwa kama niliandika saa za Kiswahili.

"Madamu, hukuiambia simu saa kumi na mbili, nayo ikaelewa adhuhuri?"

Nilimwambia hilo akawaulize wazazi wake, mimi kosa hilo nilishalipita. Akacheka, akaichukua. Tukaingia kwenye mipangilio pamoja. Ikaonekana simu ina kitu kinaitwa kuokoa betri, kazi yake ni kuzilaza programu ambazo hujazigusa, na kalenda ilikuwa imelazwa fofofo. Tukaiamsha. Hali ya "usisumbue" ilikuwa inaisha jua limeshapanda. Tukairudisha nyuma. Saa za eneo nazo zilikuwa za nchi nyingine kabisa, maana yake simu yangu muda wote huo ilikuwa ikiamini haiishi Ruangwa. Tukazirekebisha, kisha tukaizima na kuiwasha upya ile sehemu ya kusawazisha kalenda na mtandao. Tukaweka kikumbusho cha majaribio, kikalia mpaka mkuu wa shule akachungulia. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Furaha haikumaliza wiki. Safari hii nilijikuta nimeamka mwenyewe, kumeshapambazuka, na simu kimya. Nikafungua kalenda nione tatizo. Hapakuwa na kikumbusho cha siku ile. Hakikukosa kulia, hakikuwepo. Nikakiandika upya. Kesho yake cha siku hiyo pia hakipo. Nikaandika vya wiki nzima, jioni nikavikuta, na kila asubuhi niliyoamka kimoja kilikuwa kimenyofolewa.

Kila mtu alinishauri niweke kengele ya saa tu niachane na kalenda. Niliweka. Ililia vizuri, nami nikaizima usingizini vizuri vilevile. Nikishaamka ilibidi nitafute picha ya karatasi ya daktari humohumo kwenye simu, nihesabu kwa vidole, leo ni ya uzi au si ya uzi, huku nikijitilia mashaka. Siku umeme ukikatika usiku na chaji ni ndogo, simu yenyewe naikuta imekufa. Kalenda ndiyo iliyokuwa inajua, na kalenda kuna mtu alikuwa anaila.

Tena haikuwa inaliwa tu. Ilikuwa inaongezeka. Siku moja ilinilia nikiwa msibani, nikatazama, nikasoma: "Salfa, mikorosho ya bondeni." Mimi sina mkorosho hata mmoja. Siku nyingine: "Kurudisha bomba la kupulizia kwa mjomba." Ikaja: "Nywele, Jumamosi." Ikaja: "Kikao cha harusi, usichelewe kama siku ile." Nilianza kuwatazama wanafunzi wangu kwa jicho baya, nikidhani kuna mtundu anayeingia kwenye simu yangu. Halafu nikakumbuka kwamba hata majina ya watu nisiowajua yalikuwa kwenye simu ile tangu naichukua dukani, nami nilidhani ndivyo simu zinavyouzwa.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Nachingwea kwa fundi aliyeniuzia. Ni baba wa watu, ana kibanda chake karibu na stendi, na mteja akinunua simu kwake anaondoka nayo ikiwa tayari kwa kila kitu. Ndiyo sifa yake. Wateja wake wengi ni wakulima waliopata simu janja baada ya korosho au ufuta, hawataki kuulizwa maswali ya kujisajili, wanataka waione inawaka picha. Nilimsimulia yote. Alisikiliza, akafuta kioo cha simu ya mtu kwa shati lake, akasema bila hata kushtuka:

"Hiyo akaunti si yako peke yako, madamu. Ni ya duka."

"Ya duka kivipi?"

"Si mnataka simu ifanye kazi palepale? Nikianza kumfungulia kila mtu akaunti yake, tutakesha. Mimi nilifungua moja, nikaiingiza kwenye simu zote."

"Zote?"

"Za msimu ule ulionunua yako. Si za mwaka huu. Mwaka huu nina nyingine."

Nilikaa kwenye benchi lake. Kwa hiyo kalenda yangu ilikuwa kiwanja cha umma. Anayeandika salfa, anayesuka nywele, na mimi na jicho la mama, wote tulikuwa tunaandika kwenye ubao mmoja, na yeyote aliyechoka na maandishi ya mwenzake alikuwa anayafuta. Nilimwambia anitoe humo sasa hivi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefungiwa. Pasiwedi alikuwa ameisahau. Kuna njia ya kuirudisha, namba za siri zinatumwa kwenye laini, lakini laini aliyoitumia ilishafungwa na hakumbuki hata ilisajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Akajaribu kunifungulia akaunti mpya kwa laini yangu, simu ikakataa, ikasema namba hii imetumika mara nyingi mno. Nilipomtazama akainamisha macho.

"Ile siku niliomba laini yako kidogo, madamu. Nilikuwa na simu za wateja wengine pale mezani."

Akaniambia kama nataka, anaweza kuiosha simu yote ianze upya, ila ikishawaka itadai ile pasiwedi ya zamani, na asiyekuwa nayo anabaki na kioo cha kujitazamia. Nilichukua simu yangu. Nilitamani kumtukana, sikupata tusi la kumtosha, nikamuaga kwa adabu kama mwalimu.

Wiki zilizofuata sijui nizieleze vipi. Kila jioni nilikaa kitandani nikiandika upya kalenda ya mama, na kila alfajiri niliamka kabla ya wakati kwa hofu, nikashika simu kabla sijafumbua macho sawasawa. Nililala nayo kifuani. Nikioga niliiweka dirishani. Niliitwa semina Dodoma, wenzangu wangeigombania safari ile, nikakataa kwa sababu sikujua mtandao wa njiani ukoje alfajiri. Kaka mmoja alipiga kuuliza mama anaendeleaje, nikamwambia vizuri, akasema, "Afadhali wewe uko karibu," nikakaribia kuivunja simu ukutani. Nikakumbuka kwamba mama yumo humo ndani. Sikuwa na mume wa kunikataza kutoka, wala mtoto wa kunyonyesha, lakini nilifungwa kuliko walio na mmoja wao au wote wawili.

Jioni moja uvumilivu ulikatika. Nilifungua kalenda nikaandika kwa herufi kubwa: WEWE UNAYEFUTA DAWA YA MAMA YANGU NI NANI? MAMA ATAKUWA KIPOFU KWA AJILI YAKO. Nikaiweka ilie kila saa, mchana na usiku, kwenye simu zote za msimu ule, ili naye aonje. Nakiri nililala nikitabasamu, ingawa ilinilia na mimi.

Kesho yake mchana, maneno yangu yalikuwa yamefutwa, na mahali pake pameandikwa haya, bila nukta wala mkato, ambayo hapa nayapanga tu: "Samahani ndugu. Mimi mkulima huku upande wa Nanganga. Mama yangu nilikuwa nampa dawa mwenyewe. Tumemzika kabla ya mfungo. Baada ya hapo simu, saa yake iko mbele kidogo, ikawa inaniamsha kila siku inaniambia mama dawa. Nikajua ni ile yangu sijaifuta vizuri. Nikawa nafuta inarudi. Sikujua ni ya mtu. Nisamehe."

Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya shule, watoto wananipita. Nilikuwa nimemwandalia mtu huyo maneno makali ya mwezi mzima. Sikuwa na mahali pa kuyapeleka tena.

Nilimwandikia pole humohumo kwenye kalenda, nikambadilishia na vikumbusho. Niliondoa neno mama na neno dawa kila mahali, nikaacha "Uzi" na "Bila uzi" tu, pamoja na ile namba ya kupigia. Asubuhi ya kwanza ililia. Na ya pili. Nikaanza kulala kama mtu.

Halafu vikaanza kutoweka tena. Kila alfajiri, cha siku hiyo hakipo. Nilichemka. Mtu nimempa pole, nimemwondolea neno linalomuumiza, bado ananifanyia hivi? Na kilichonitia hofu zaidi ni mama. Nilipompigia kwa kuchelewa, hakuwa tena amekaa mlangoni ananingoja.

"Nimeshatia, mwanangu."

"Umetia ipi?"

"Ile ya leo."

"Umejuaje ya leo ni ipi?"

"Nimejua."

Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, jibu lilikuwa hilohilo: amejua. Niliona wazi kinachoendelea. Mama amechoka kunisubiri, anabahatisha, na ananificha ili nisihangaike. Jicho lake lilikuwa linakwenda hivihivi mimi nikisema haloo haloo kwenye simu. Ijumaa sikungoja kengele ya mwisho. Niliomba ruhusa, nikapanda gari mpaka Nachingwea, nikachukua bodaboda, na njia nzima nilikuwa nikiandaa maneno.

Nilimkuta anapepeta ufuta uani. Aliniita kwa jina la utotoni kabla sijafika karibu, kwa hiyo jicho lilikuwa linaona. Hata sikukaa. Niliomba chupa, nikazikagua juani, nikahesabu na karatasi ya daktari. Dawa ilikuwa imeshuka kwa kiasi kilekile kinachotakiwa, zote mbili. Hakubahatisha hata siku moja.

"Mama, nani anakuambia?"

"Si yule mwenzio wa Nanganga?"

Akanieleza huku akiendelea kupepeta, kama habari ya kawaida tu. Yule mtu alimpigia siku moja kumwomba radhi, akasema amekuwa akimfutia dawa bila kujua. Mama akampa pole ya mama yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekaa na chupa zake anangoja, akamuuliza, kwani huko kwako imeandikwa leo ni ya uzi au bila uzi? Akamwambia ya uzi. Akatia. Kesho yake alfajiri, kabla hajaenda kwenye mikorosho, mtu yule akapiga tena. Ndipo nilipoelewa vikumbusho vyangu vinakwenda wapi. Alikuwa akishamwambia mama, anakifuta, kwa sababu kazi ya siku hiyo imekwisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemgombeza."

Niliikunja karatasi ya daktari nikairudisha mkobani.

"Na yeye ananiuliza nimelalaje," mama akasema. Hakusema kwa kunisuta, alikuwa anamsifu mtu mwenye adabu. Lakini nilikaa chini kwenye mkeka wake wa ufuta na sikuamka upesi. Nilijaribu kukumbuka asubuhi ambayo mimi nilimuuliza hivyo. Ninachokumbuka ni uzi, bila uzi, haya, kwaheri, nachelewa.

Nililala kwake. Alfajiri niliamka kabla yake, nikachemsha chai, nikatazama karatasi, nikachukua chupa isiyo na uzi. Nilitaka siku hiyo atiwe na mwanawe, kwa mkono. Nikamlaza kichwa nyuma kwenye mto, nikafungua kifuniko, nikamshika kope, na simu yake ikalia.

Mama alinyanyua kiganja kunizuia. Akaipapasa simu, akaipokea, uso wake wote ukabadilika.

"Marahaba, baba. Nimeamka salama, sijui wewe. Goti? Goti linaniacha kidogo. Huko maua yametoka? Alhamdulillahi."

Walisalimiana mpaka wakaridhika. Nilikuwa nimeinama juu yake, chupa imeelekea chini, mkono unaanza kuniuma. Nilisikia sauti ya mtu mzima ikisema, "Leo bila uzi, mama. Umeshatia?"

"Bado," mama akasema. "Kuna mtu hapa ameshika chupa."

"Basi nangoja."

Mama akalaza kichwa tena, simu bado iko sikioni, jicho lake moja limefunguka linatazama dari. Nikabonyeza. Tone likaingia palepale panapotakiwa, akapepesa mara chache, maji yakamtiririka shavuni.

"Tayari, mwanangu," mama akasema, na alikuwa akimwambia yeye.